Kujaribu Linux Mint Kabla ya Kuisakinisha
Kompyuta mpakato yenye RAM ya GB 4 inatosha kuendesha Linux Mint ya Xfce, toleo jepesi la mfumo huu huria wa kuendesha kompyuta. Kwanza nakili mafaili yako yote kwenye diski ya nje, na hatua hii usiiruke kamwe, kwa maana usakinishaji unaofuta diski haurudishi kitu. Pakua faili la ISO, yaani faili moja lenye mfumo mzima, hakiki alama yake ya SHA256 (mfuatano wa herufi na tarakimu unaoonyesha kama faili limefika bila kuharibika), kisha uliandike kwenye flashi kwa programu ya balenaEtcher, ukikumbuka kwamba vilivyomo kwenye flashi vitafutika. Washa kompyuta kupitia flashi hiyo. Mfumo utafunguka bila kubadili diski yako, nawe utapima kwa utulivu sauti, kamera na hasa Wi-Fi, ambayo ndiyo husumbua zaidi. Ukiridhika, bofya ikoni ya kusakinisha.