Kuendesha mjadala wa fedha za tabianchi darasani mtandaoni

Wanafunzi 24 wagawe makundi 6: Marekani, Umoja wa Ulaya, China, India, visiwa vidogo na Afrika. Siku tatu kabla, wapelekee kurasa 2 za maandishi, si video. Bando huisha haraka.

Swali liwe moja: nani alipe gharama za nchi zinazoendelea kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi? Kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi, Baku, 2024, nchi hizo zilidai dola trilioni 1.3 kwa mwaka, zikaahidiwa bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035.

Dakika 20 vyumba vidogo, kisha 30 pamoja. Mjadala hukwama kwa China, kwani Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi wa 1992 haukuiweka kwenye orodha ya matajiri wanaopaswa kutoa fedha. Usiwakatize, siasa yenyewe iko hapo hapo. Uamuzi upite kwa maafikiano, kura hakuna. Aliyekatikiwa mtandao atume hoja kwa WhatsApp, katibu aisome.