Nenda kachanje flu kabla theluji haijaanguka (kwa wageni wa Minnesota)

Kama umeshuka Minneapolis mwaka huu, uwe umetokea Dar, Mombasa, Bujumbura au kambi ya Nyarugusu, na hii ndo winta yako ya kwanza, kaa hapa tuongee. Wenyeji nao wasome tu maana nawajua, "ntaenda wiki ijayo" zinaanza Septemba, Disemba inamkuta mtu kitandani anakohoa.

Tuanze na neno lenyewe. Sisi nyumbani mwili ukichemka ni malaria, pua ikitiririka ni mafua, unakunywa chai ya tangawizi na limau kesho uko kwenye mishe zako. Flu siyo hayo mafua. Inakupiga ghafla, asubuhi mzima, jioni viungo vyote vinauma hadi kope. Winta yangu ya kwanza niliamka natetemeka nikajua tu malaria imenifuata, nikafungua begi nikatoa mseto niliobeba toka nyumbani nikameza dozi nzima siku tatu, wapi, siku ya nne ndo nikaenda wakanipima kwa kale kapamba ka puani wakakuta flu. Na hapo nilishachelewa, kwa sababu dawa yake, Tamiflu, inafanya kazi vizuri ukiianza ndani ya masaa 48 toka dalili zianze. Malaria hapa haikufuati kwa mbu, kwa hiyo ukichemka Januari piga simu kwa daktari siku hiyo hiyo, usijitibu kwa mazoea.

Sasa chanjo. Miezi mizuri ni Septemba na Oktoba, maana mwili unahitaji kama wiki mbili kujenga kinga na flu huku inapanda zaidi kati ya Disemba na Februari. Umechelewa? Nenda hata Januari. Na kama ulichanja mwaka jana bado unatakiwa uchanje tena, virusi vinabadilika na kinga yenyewe inashuka, ndo maana kila mwaka wanatengeneza mpya.

Pa kwenda sio lazima hospitali. Maduka ya dawa kama CVS na Walgreens wanachanja pale pale kaunta, unaweza kuingia tu ila ukiweka miadi kwenye simu hutakaa foleni. Beba kitambulisho na kadi ya bima. Bima nyingi zinalipa yote hutoi hata senti, ila uliza kwanza kama bima yako inakubalika duka hilo, usije ukaletewa bili bure. Watakupa fomu ya maswali, kama una aleji, kama chanjo imewahi kukusumbua, jibu ukweli. Aleji ya mayai ilikuwa inasumbua watu zamani, sa hivi sio kizuizi tena. Halafu vaa nguo ya mikono mifupi ndani jamani, mimi mwaka mmoja niliingia na masweta matatu yanabana, nikabaki navuana nayo mbele ya foleni nzima. Mkono utauma siku moja mbili, wengine wanapata kauchovu au kahoma kadogo, basi.

Huna bima? Usikae kimya. Watoto chini ya miaka 19 wasio na bima au wenye Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) wana mpango wa serikali unaoitwa Vaccines for Children, chanjo yenyewe ni bure. Watu wazima piga 211, namba ya simu ya kuulizia misaada, uulize kliniki ya jamii iliyo karibu, nyingi zinapima kipato chako kwanza ndo zinasema ulipe ngapi. Na kama unafanya kazi kwa wazee kama sisi wengi, uliza kazini, mara nyingi wanachanja wafanyakazi bure tena ndani ya shifti. Kingereza hakijapanda bado? Kliniki na hospitali zinatakiwa zikupe mkalimani bila malipo, sema tu "Swahili" utaunganishwa kwa simu. Usimtumie mtoto wako kutafsiri mambo ya dawa.

Mtoto mdogo mpeleke kwa daktari wake. Kuanzia miezi 6 anachanjwa, na kama hajafika miaka 9 na ni mara yake ya kwanza anahitaji sindano mbili, zipishane angalau wiki nne, kwa hiyo huyo anza naye mapema. Mama mjamzito achanje, kinga inapita kwa mtoto ambaye akizaliwa atakaa miezi sita hawezi kuchanjwa. Bibi na babu wa miaka 65 na kuendelea waambie wapewe ile kali zaidi ya wazee, wasipewe ya kawaida kama kali ipo.

Lile la "nilichanja ndo nikaumwa flu" nalisikia kila mwaka. Sindano haina kirusi hai, haiwezi kukupa flu. Unaweza kuipata baadae ndiyo, ila mara nyingi inakuja nyepesi, na hicho ndo tunachotafuta.

Ndani ya nyumba hita inakausha hewa mpaka pua inatoka damu, nunua kale kamashine ka kutoa mvuke na ukasafishe, kakiota ukungu unavuta uchafu. Umeme na gesi vikipanda bei msije mkawasha jiko la mkaa ndani au kuacha oveni wazi ili mpate joto, ile hewa ya sumu (carbon monoxide) haina harufu, mnalala wote hamwamki. Hakikisha king'ora chake kina betri. Ngozi zetu na jua la winta huku hazielewani kabisa, muulize daktari akupime vitamini D.

Dawa za dukani soma boksi. Tylenol (ya homa na maumivu) na NyQuil (ya mafua) zina dawa ile ile ndani yake, ukichanganya unazidisha dozi na ini linalipa. Aspirini usimpe mtoto mwenye flu kabisa, asali usimpe aliye chini ya mwaka mmoja. Kujifukiza kwa mtoto acha, maji ya moto yanaunguza watoto wengi. Antibiotiki haiui flu hata ungekunywa kopo zima. Kazini rudi ukimaliza masaa 24 bila homa, na bila kumeza dawa ya kuishusha. Mtu akishindwa kupumua, kifua kinauma, anachanganyikiwa au mtoto midomo inabadilika rangi, hiyo ni dharura, piga 911.

Kitu kimoja kinaenda kinyume na yote niliyosema juu ya malaria. Ukienda nyumbani Krismasi ukarudi, halafu ukaanza kuchemka, hata kama miezi imepita, mwambie daktari ulikuwa wapi na ulirudi lini kabla hajakuuliza, na mwambie akupime malaria. Madaktari wengi wa huku hawajaizoea, akikuangalia katikati ya winta atawaza flu tu akurudishe nyumbani, na hapo ule mseto wangu ndo ungekuwa na kazi.