Namna ya Kuongeza Nafasi ya Mzigo Katika Gari Dogo

Wakazi wengi wa Dar es Salaam wenye Vitz, Passo au IST walichagua magari hayo kwa sababu hayali mafuta mengi katika foleni ya kutoka Mbagala, Goba au Kimara kwenda mjini. Mahitaji hubadilika baadaye: mwenye duka la mtaani anataka kujichukulia bidhaa zake Kariakoo bila kukodi kirikuu, yaani kigari kidogo cha mizigo, kila wiki, mpishi wa shughuli ana masufuria ya kusafirisha, na fundi umeme ana ngazi. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupata nafasi zaidi kwa utaratibu ambao nauona kuwa sahihi, yaani kuanza ndani ya gari, kisha nyuma, na kuliacha paa liwe la mwisho kabisa. Kila unapouhamisha mzigo kutoka ndani kwenda nje, unalipa zaidi kwa mafuta, kwa breki na kwa usalama wa walio barabarani.

Kabla ya kununua hata ubao mmoja, fahamu gari lako linaruhusiwa kubeba kilo ngapi. Magari haya hutufikia yakitokea Japani, na cheti chake cha kusafirishwa nje ya nchi huonyesha uzito wa gari likiwa tupu na uzito wake wa jumla. Kwa gari la abiria la watu watano, tofauti ya tarakimu hizo mbili ni kilo 275, kwa kuwa taratibu za Japani humhesabu kila mtu kuwa ana kilo 55. Ndani ya kilo hizo 275 yumo pia dereva. Mtu mwenye kilo 80 akisafiri na mwenzake wa kilo 70 anabakiwa na kilo 125 tu, ambazo ni mifuko miwili ya saruji na nusu, hata kama kwa macho buti na viti vinaonekana kuwa na nafasi ya mifuko minane. Tatizo la gari dogo kwa kawaida ni hilo: nafasi hupatikana haraka kuliko uwezo wa kubeba, na mwenye gari hujikuta akiijaza kwa sababu tu ipo.

Hatua ya pili ni kupima. Pima upana na kimo cha uwazi wa mlango wa buti, si ukubwa wa chumba chenyewe, kwa sababu sanduku linaloenea ndani vizuri huweza kukataa kupita mlangoni kwa sentimita mbili. Laza viti vya nyuma, kisha pima urefu kutoka mgongo wa kiti cha dereva, kikiwa kimesogezwa pale anapokaa kwa kawaida, hadi kwenye mlango wa buti uliofungwa. Kata boksi la karatasi ngumu kwa vipimo hivyo na ulijaribishe ndani ya gari. Ndilo litakalokuwa ramani ya seremala.

Kazi yenye faida kubwa kuliko zote ni kutengeneza sakafu bapa. Katika magari mengi ya aina hii, mgongo wa kiti cha nyuma ukishalazwa hubaki juu kuliko sakafu ya buti, na hapo hutokea kidaraja kinachofanya kreti zikae upande na magunia yateremkie mlangoni. Seremala wa Keko au wa mtaani kwako anaweza kuliondoa tatizo hilo kwa plaiwudi ya milimita 12 iliyowekewa miguu ya mbao za inchi 2 kwa 2 upande wa buti. Usikubali kuuziwa ya milimita 18 kwa hoja kwamba ni imara zaidi, kwani plaiwudi nzima ya futi 8 kwa 4 yenye unene wa milimita 12 tayari ina karibu kilo 20, na uimara hupatikana kwa kuweka mbao za chini kila baada ya sentimita 40 hivi. Sakafu hiyo iwe ya vipande viwili vilivyounganishwa kwa bawaba, ili cha nyuma kiweze kuinuliwa na kufikia tairi la akiba, jeki na spana bila kushusha mzigo wote kando ya Barabara ya Morogoro. Pembe zake zisuguliwe kwa msasa hadi ziwe mviringo, na vanishi ipakwe pande zote pamoja na kingo, kwa sababu unyevu wa pwani huingilia kwenye kingo zisizopakwa na kuifungua plaiwudi tabaka kwa tabaka.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kukitoa kabisa kiti cha nyuma. Kwa anayesafirisha mizigo siku nyingi na hana abiria, uamuzi huo una maana, kwa sababu unapunguza uzito na kuishusha sakafu. Kiti kihifadhiwe mahali pakavu, bolti zake zifungwe pamoja katika mfuko, na asiruhusiwe mtu kukaa nyuma hata kwa safari fupi. Jambo moja nalisisitiza kwa nguvu: katika Vitz, Passo na IST, tangi la mafuta liko chini ya kiti cha nyuma, na mabomba ya mafuta na ya breki hupita karibu na hapo. Fundi yeyote anayetaka kupiga skrubu au kutoboa sakafu katika eneo hilo ili kukaza ubao azuiwe. Matundu ya bolti za kiti yapo tayari, ni imara, na yanafaa kukazia bolti zenye kichwa cha pete ambazo kamba itapita. Chukua bolti moja halisi ya kiti, nenda nayo Gerezani, na utafute yenye pete inayolingana nayo kwa unene na thredi. Ikianza kukataa baada ya kuizungusha kwa vidole mara mbili tatu, si yenyewe.

Pete hizo si mapambo. Gari lililo katika kilometa 50 kwa saa likigonga kitu na kusimama ndani ya nusu mita, kreti ya kilo 20 iliyo nyuma huenda mbele kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 400, na kilicho mbele yake ni mgongo wa dereva. Mzigo mzito ukae chini, ukigusa migongo ya viti vya mbele, na mikanda ya kukaza ipite juu yake kwa msalaba. Mipira iliyokatwa kwenye tyubu, ambayo bodaboda huipenda, inafaa kuzuia vitu vyepesi visigongane, lakini kwa kuwa hunyumbuka isitegemewe kuushikilia mzigo wenyewe.

Kuendesha huku mlango wa buti ukiwa wazi na umefungwa kwa kamba ni desturi ninayotamani iishe. Gari likiwa kwenye mwendo, hewa iliyo nyuma yake huzunguka na kuuvuta moshi wa ekzosi ndani. Moshi huo una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo huanza na maumivu ya kichwa na usingizi na inaweza kuua. Mbao au kabati likizidi urefu wa gari, hiyo ni kazi ya kirikuu.

Baada ya ndani huja nyuma, yaani keria inayofungwa nje ya mlango wa buti au kwenye chuma kilichoungwa chini ya bampa. Keria ya nyuma hainaswi sana na upepo, na kwa upande wa mafuta ni nafuu kuliko ya paani. Kasoro yake ni mkono wa uzito, yaani mzigo ulio nyuma ya ekseli hufanya kazi kama wenzo. Umbali kati ya ekseli mbili za Vitz ya toleo la kwanza ni milimita 2,370. Ukining'iniza kilo 40 sentimita 80 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo huongezewa kilo 53 hivi, na ya mbele hupunguziwa kilo 13. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayoendesha gari na kulielekeza, kwa hiyo kwenye tope la masika utahisi usukani umekuwa mwepesi isivyo kawaida. Nyuma paachiwe vitu vyepesi vyenye umbo kubwa, kama viti vya plastiki, na namba ya gari na taa zisifunikwe.

Paa sasa. Watengenezaji wengi wa magari madogo huruhusu kati ya kilo 50 na 75 juu ya paa, na kiasi hicho ni pamoja na uzito wa keria yenyewe, jambo ambalo mafundi wetu wengi hawalihesabu. Bomba la mraba la milimita 25, lenye unene wa milimita 1.5, lina kilo 1.1 kwa kila mita. Keria ya kuchomelea yenye mita 15 za bomba hilo ina zaidi ya kilo 16 kabla hujaweka chochote, na kwa gari lenye ruhusa ya kilo 50 theluthi nzima imekwisha. Agiza ya alumini, au keria ya nguzo mbili tu za kukingama. Iwe ya kubana kwenye fremu ya mlango kwa miguu yenye mpira. Fundi akikuambia, "Bosi, tutoboe tu, tutaziba na silikoni," mshukuru na uondoke, kwa maana hewa ya chumvi ya Dar es Salaam itaingia katika tundu hilo na kutu itaanza chini ya rangi, usipoweza kuiona.

Kuhusu mafuta, tovuti ya serikali ya Marekani kuhusu matumizi ya mafuta inaeleza kwamba sanduku kubwa la paani hupunguza umbali unaopatikana kwa lita moja kwa asilimia 2 hadi 8 katika mwendo wa mjini, na asilimia 10 hadi 25 katika mwendo mkubwa wa barabara kuu, ilhali lile la nyuma hupunguza asilimia 1 hadi 2 mjini. Keria tupu nayo hukata upepo, kwa hiyo ifunguliwe siku ambazo haina kazi.

Gari likishajaa, upepo wa matairi upimwe yakiwa ya baridi na kujazwa kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Soma pia namba ya uwezo ubavuni mwa tairi: tairi la ukubwa wa 155/80R13 lenye namba 79 hubeba kilo 437, na tairi la mtumba lenye namba ndogo kuliko la kiwandani halifai kwa shughuli hii. Raba na spesa za springi ambazo hupendekezwa ili gari lisikae chini huinua kimo tu. Haziongezi hata kilo moja ya uwezo wa ekseli, breki wala tairi. Nyuma ikishuka, taa za mbele huinuka na kuwapiga machoni wanaokuja, hivyo zishushe kwa kitufe cha kurekebishia taa, kama gari lako linacho.

Mwulize wakala wako wa bima kwa maandishi kuhusu keria na kuhusu kiti kilichotolewa, na ujue kwamba kubeba mizigo ya watu kwa malipo kwa gari lenye namba ya njano ni matumizi mengine kabisa, yanayohitaji usajili na bima yake.

Siku ya kwanza, ondoka taratibu na uache nafasi kubwa zaidi kati yako na gari la mbele. Baada ya kilometa moja au mbili, ukishavuka matuta ya kwanza, egesha pembeni na ukaze mikanda upya, kwa kuwa mzigo hujikalisha na kila kamba hulegea kidogo.