Mama akisita kumchanja mtoto: jinsi ya kuzungumza naye

Kina mama wengi ninaokutana nao hapa mwaloni Kibirizi, Kigoma, hawakatai chanjo. Kuna jambo moja limewatia hofu. Sisi wahudumu wa afya ngazi ya jamii tulijue kwanza jambo hilo.

Hatua ya 1: Nenda akiwa na nafasi. Asubuhi anaanika dagaa, hatakusikia. Mimi huenda jioni, dagaa wakishaanuliwa. Bibi wa mtoto akiwepo, msalimie yeye kwanza. Mara nyingi neno lake ndilo linalofuatwa.

Hatua ya 2: Uliza, kisha nyamaza. "Mama, tangu mtoto achomwe ile sindano ya kwanza, umeona nini?" Hapa ndipo tunapoharibu. Mwaka wangu wa kwanza nilimkatiza mama mmoja nikamwambia aache kusikiliza maneno ya mtaani. Akakunja kadi ya kliniki, akaingia ndani. Baadaye jirani yake akanieleza: mtoto alitoka kidonda begani, na hakuna aliyekuwa amemwambia mama kwamba kitatoka. Hadi leo jambo hilo linaniuma.

Hatua ya 3: Jibu alichouliza. Omba ruhusa kwanza: "Nikueleze ninachokijua?"

Kidonda hicho ni cha BCG, chanjo ya kifua kikuu. Wiki kadhaa baada ya sindano hutokea kiuvimbe, huenda kikatoa usaha kidogo, kisha hukauka chenyewe na kuacha kovu. Kisipakwe majani wala dawa, kisifungwe plasta.

Akitaja homa, usimfiche. Baada ya Penta, chanjo ya pajani inayokinga magonjwa matano, mtoto anaweza kuchemka siku moja au mbili, na paja likavimba. Amnyonyeshe mara kwa mara, ampunguzie nguo. Akipata degedege, akilia saa 3 bila kunyamaza au akishindwa kunyonya, aende zahanati hapohapo. Ukisema "hakuna kitu", homa ikaja usiku, hatakuamini tena.

Hatua ya 4: Fungueni kadi. Penta ni wiki ya 6, 10 na 14. Surua-rubela ni miezi 9 na 18. Aliyechelewa asione haya kurudi: dozi za Penta alizokwisha pata zinahesabika, haanzi upya.

Hatua ya 5: Baba. Akiwa mvuvi, mtafute siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzika. Mweleze huku mkewe akisikia.

Bado hajakubali? Usigombane. Muulize, "Nirudi lini?", na siku hiyo ufike. Akikubali, pita kesho yake baada ya sindano, umtazame mtoto paja.