Mzazi wa Lamu na Mtoto wa Gredi ya 7 hadi 9

Alama za kumpeleka mwanao sekondari ya juu hazitoki kwenye mtihani wa Gredi ya 9 pekee. Huo ni asilimia 60. Wa Gredi ya 6 ni 20, na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 ni 20. Kwa hivyo usingoje mwisho. Wiki ya kwanza ya muhula, muulize mwalimu wa darasa kazi mradi zinaanza lini, zataka vifaa gani.

Ikiitishwa miyaa ya kusukia ukili, ule utepe wa kushonea mikeka, mpe mapema, lakini asuke mwenyewe. Ukili wa mama, ukingo umenyooka, mwalimu huutambua, na mtoto hukwama akiulizwa hatua.

Waishi Faza na shule iko Amu? Omba kikao na mwalimu kilingane na saa za boti.