Oksijeni ya Kutosha Katika Tangi la Samaki: Mwongozo kwa Mfugaji wa Nairobi

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia jirani yangu wa Donholm, ambaye samaki wake wa dhahabu walikuwa wakipanda juu kila alfajiri na kutweta, ilhali ikifika saa sita mchana walionekana wazima kabisa. Alikuwa amekwisha kuuziwa dawa ya ukungu, lakini samaki hawakuwa wagonjwa, walikosa hewa.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni mdogo kuliko wa Pwani. Maji ya nyuzi 25 za Selsiasi ambayo Mombasa hubeba takriban miligramu 8.2 za oksijeni kwa lita, hapa hufikia karibu 6.7 tu, hata yakikorogwa vipi. Samaki wengi wa mapambo hustawi kiwango kinapozidi 5, kwa hiyo sisi tuna akiba ndogo, na ushauri unaotoka nchi za tambarare kuhusu idadi ya samaki katika tangi unafaa kupunguzwa.

Hatua ya 1: Watazame samaki kabla ya kuwasha taa. Mimea ya majini hutoa oksijeni penye mwanga, na gizani nayo huitumia, ndiyo maana upungufu hujitokeza alfajiri. Samaki wakitweta mchana na usiku bila tofauti, na matamvua yao yamekuwa ya kahawia, pima nitriti (sumu inayotokana na uchafu wa samaki na chakula kinachooza), kwa sababu nitriti huizuia damu kubeba oksijeni hata kama maji yanayo tele. Beta na gurami wasikutie hofu, kwani wao huvuta hewa juu ya maji kwa maumbile yao.

Hatua ya 2: Utikise uso wa maji. Watu wengi huamini kwamba viputo ndivyo vinavyotia oksijeni majini, lakini sehemu kubwa ya oksijeni huingia pale maji yanapokutana na hewa, na kazi kuu ya viputo ni kuyapandisha maji ya chini na kuuvunja uso. Simama kando ya tangi uangalie mwanga wa dari: ukiuona umejichora juu ya maji bila kuvunjika, maji hayo yametulia mno. Katika tangi la jirani yangu, mdomo wa chujio ulikuwa umezama karibu shubiri nzima. Tuliupandisha hadi maji yakawa yanatoka sambamba na uso na kuukunja kutoka pembe moja hadi nyingine. Ukiona utando wa mafuta, laza karatasi ya tishu juu yake kisha uinue polepole. Ninapendelea tangi pana na fupi kuliko refu na jembamba, na kwa bakuli la duara ninasisitiza lijazwe hadi penye upana mkubwa tu, si hadi shingoni.

Hatua ya 3: Funga pampu ya hewa. Iweke juu kuliko maji, au utie vali ya kuzuia maji kurudi kwenye mpira wake. Badala ya jiwe la hewa (jiwe lenye vitundu linalotoa viputo) peke yake, chagua chujio la sponji linaloendeshwa na pampu hiyohiyo.

Hatua ya 4: Punguza kinachokula oksijeni. Ondoa chakula kilichobaki, na usipashe maji joto kupita mahitaji ya samaki wako, kwa kuwa maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo.

Hatua ya 5: Andaa maji mapya. Maji ya mfereji yana klorini inayounguza matamvua, na maji ya visima virefu vinavyohudumia majengo mengi ya ghorofa mara nyingi hutoka ardhini yakiwa na oksijeni kidogo. Yote mawili yaweke ndooni na uyapulizie hewa usiku kucha. Kwa maji ya mfereji, tia pia dawa ya kuondoa klorini.

Hatua ya 6: Jiandae kwa umeme kukatika. Hapa ndipo samaki wengi wa Nairobi hufia, iwe stima imepotea mtaa mzima au tokeni zimeisha saa nane za usiku wenye nyumba wakiwa wamelala. Usitegemee jenereta ya jengo kabla ya kuuliza inahudumia nini, kwani nyingi ni za lifti na taa za ngazi. Pampu bora ni ile yenye betri yake ndani, inayojiwasha yenyewe umeme unapokatika. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye pawabenki nayo inafaa, ila kuna jambo lililotusumbua kwa saa kadhaa: pawabenki nyingi hujizima zinapoona kifaa kinavuta umeme kidogo mno, zikidhani simu imejaa. Ijaribu mchana, uiache ifanye kazi kwa saa mbili nzima, na ikijizima tafuta nyingine kabla ya kuitegemea usiku.

Ukikosa vyote, fungua kifuniko, usiwalishe samaki, kisha chota maji kwa jagi na uyamimine tena tangini kutoka juu kidogo, taratibu, kwa dakika chache kila baada ya nusu saa. Usiwahamishie samaki kwenye ndoo nyembamba, kwa sababu uso wake ni mdogo kuliko wa tangi.

Umeme unaporudi, mwenye chujio la kopo lililofungwa asikimbilie kuliwasha. Bakteria wanaosafisha maji huishi kwa oksijeni, na maji yakisimama humo kwa saa kadhaa bakteria hao huanza kufa na uchafu kuoza. Lifungue, mwaga maji yaliyomo, suuza sponji kwa maji ya tangi, si ya mfereji, ndipo uliwashe. Siku zinazofuata pima amonia (sumu nyingine itokanayo na uchafu) na nitriti, na uwalishe samaki kidogo hadi vipimo vyote viwili virudi sufuri.