Bendera ya wazamiaji na sheria za boti Florida: mambo ya kufanya kabla hujaingia majini

Wale mlioko Florida au mnaokwenda kule likizo, mnakodi boti mkaangalie matumbawe ya Keys, vile visiwa vya kusini mwa Florida, hii ni yenu. Wengi wetu tumekulia pwani ambako mtu anavaa miwani yake anashuka kutafuta pweza na hakuna anayemuuliza habari za bendera, sasa ukifika kule ukafanya hivyohivyo unavunja sheria, na kubwa kuliko hiyo sheria ni kwamba juu yako zinapita boti za injini mbili tatu, zinakwenda mbio, na nahodha wake hana namna yoyote ya kujua kwamba upo.

Kwanza jua nani anahesabiwa. Sheria ya Florida inasema mzamiaji ni mtu yeyote aliye ndani ya maji, mwili mzima au nusu, akiwa na miwani na snorkeli, yaani ule mrija wa kupumulia uso ukiwa majini, au kifaa cha kupumulia chini ya maji. Kwa hiyo hata kama huna mtungi wa hewa, hata kama unaelea tu juujuu uso chini unatazama samaki, wewe ni mzamiaji na unatakiwa uwe na bendera. Kwa maoni yangu wa snorkeli ndo wa kuhofiwa zaidi, manake mwenye mtungi muda mwingi yuko chini kabisa, huyu wa snorkeli yuko palepale rafadha inapopita. Sehemu pekee ya kusamehewa ni zile ambazo kwa kawaida ni za kuogelea tu.

Bendera yenyewe ni nyekundu, ina mstari mweupe wa mshazari kutoka kona ya juu kushoto kushuka kona ya chini kulia, na upana wa ule mstari ni robo ya kimo cha bendera. Ilianzia Michigan miaka ya 1950, kwa mzamiaji mmoja akiitwa Denzel Dockery, ikasambaa Marekani nzima. Ukiitweka kwenye boti lazima iwe angalau inchi 20 kwa 24, kama sentimita 50 kwa 60 hivi, na ikae sehemu ya juu kabisa ya boti au popote inapoonekana pande zote bila kuzibwa. Na lazima iwe na waya au kijiti cha kuinyoosha, kwa sababu siku ambayo hakuna upepo bendera ya kitambaa kitupu inalala kwenye mlingoti, mtu akiwa mbali haoni kitu. Ile ya kuelea majini inaweza kuwa ndogo, inchi 12 kwa 12.

Tangu 2014 unaruhusiwa pia kutumia boya, liwe na pande tatu au nne na kila upande uwe na ile alama yenye ukubwa wa inchi 12 kwa 12. Ila boya ni la majini, usilipandishe kwenye boti ukadhani ndo bendera yako. Na lile puto refu la rangi ya chungwa ambalo wazamiaji wanalipuliza wakiwa wanaibuka halihesabiki kama halina alama hiyo, wewe libebe tu maana linasaidia kuonekana, lakini halichukui nafasi ya bendera.

Kuna watu wanachanganya na ile bendera ya bluu na nyeupe yenye mkia uliokatwa. Ile ni bendera ya kimataifa ya herufi A, inaviambia vyombo vingine kwamba boti hii ina shughuli ya uzamiaji na haiwezi kuwapisha kirahisi. Inahusu boti. Nyekundu inahusu watu walio majini, na hiyo ndo Florida inaidai, kwa hiyo kuwa na ya bluu peke yake hakukuokoi.

Sasa umbali, hapa ndo penye kazi. Ukiwa maji ya wazi jitahidi usitoke nje ya futi 300 kutoka kwenye bendera yako, kama mita 91. Ukiwa mtoni, kwenye mlango wa bahari au njia ya vyombo, futi 100 tu, kama mita 30. Na nahodha wa boti nyingine naye anatakiwa ajitahidi kukaa mbali kwa vipimo hivyohivyo, na kama ni lazima aingie ndani ya hapo basi apunguze mwendo mpaka ule wa kutosha tu boti isogee na usukani ushike, pungufu ya hapo haisogei. Ona jinsi hizo namba mbili zinavyofanana: yeye anakwepa duara ambalo wewe umeahidi kubaki ndani yake, ukitoka humo ukaibukia mita 150 kutoka kwenye bendera, yule mtu anayekuja kasi hajakosea kitu. Na kule kwenye njia ya vyombo usiweke bendera yako katikati ukawazibia watu njia bila sababu, hilo nalo limekatazwa isipokuwa ni dharura.

Jambo linaloniuma kuliko yote ni bendera kuachwa juu kutwa. Sheria iko wazi, wazamiaji wote wakishapanda botini au wakifika nchi kavu bendera inashuka, na huruhusiwi kuendesha boti yenye bendera juu wakati hakuna mtu majini. Lakini kuna boti zina bendera imepakwa rangi ubavuni au imefungwa moja kwa moja juu, zinakwenda nayo mpaka gatini, mwisho wake madereva wengine wanazoea kuiona bila mtu chini na wanaacha kuiamini. Anayelipa ni mzamiaji wa kesho. Itweke mtu wa kwanza anapoingia, ishushe wa mwisho anapotoka, na mpe mtu mmoja kazi hiyo kwa jina, isiwe ya wote.

Upande wa Palm Beach na Jupiter wanazamia kwa kufuata mkondo, boti haitii nanga, kiongozi anavuta boya kwa kamba na boti inawafuata nyuma. Kaa karibu na aliyeshika ile kamba. Unapopanda juu, zunguka utazame pande zote, nyoosha mkono mmoja, na ukisikia injini simama kwanza usubiri ipite, manake sauti majini inakwenda zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, sikio linashindwa kujua inatokea wapi. Na wewe uliye botini zima injini kabisa mtu anapokuja kwenye ngazi, usiiache inanguruma tu bila gia.

Kuhusu boti yenyewe nitapita haraka. Aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1988 au baadaye akitaka kuendesha chombo chenye injini ya nguvu farasi 10 kwenda juu lazima awe na kadi ya mafunzo ya usalama, mgeni anaweza kupata cheti cha muda cha siku 90. Jetski unaendesha ukiwa na miaka 14, kuikodi mpaka 18, na usiku hairuhusiwi. Mtoto chini ya miaka 6 kwenye boti isiyofika futi 26 avae laifu jaketi muda wote inapotembea, na ya mtu mzima iwe saizi yake, isiwe kubwa wala ndogo. Pombe kiwango ni 0.08 kama kwenye gari.

Mwishoni mwa Julai kuna siku mbili, Jumatano na Alhamisi, za msimu mdogo wa kuvua kamba kochi, halafu msimu wenyewe unaanza tarehe 6 Agosti. Siku zile mbili Keys inajaa boti na vichwa vya watu kila kona, na maofisa wa FWC, ile tume ya jimbo inayosimamia samaki na wanyamapori, wanakagua sana, kwa hiyo kama ndo mara yako ya kwanza kuzamia chagua wiki nyingine kabisa.

Ukivuka kwenda jimbo lingine usibebe namba za Florida. Michigan kwa mfano boti inakaa futi 200 kutoka kwenye bendera na mzamiaji asitoke nje ya futi 100. Soma ya jimbo unalokwenda.

Na kama boti ni ya kukodi, kabla hujasaini karatasi waambie wakuonyeshe bendera, ikunjue palepale gatini, ipime, angalia waya umo, itweke halafu tembea mpaka tezi uone kama paa la boti haliizibi. Ikiwa hawana, duka lolote la vifaa vya kuzamia linauza, inunue ndo mng'oe nanga.